Tabia ndogo za kila siku Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Uyole, Mbeya. Kila Jumamosi sanduku likishafungwa, watu hubaki kwenye benchi wakiuliza, na nikienda Iringa au Njombe kwa ndugu naulizwa yale yale. Nimeyakusanya hapa. Jambo lililokwisha kujibiwa silirudii. Nimetaja namba ya swali la kutazama.

## Mambo ya mwanzo

1. Tabia ndogo ni nini hasa?

Ni kitendo cha dakika tano au cha hela ya chai, chenye wakati wake katika siku, ambacho hakingoji mpaka ujisikie. Kuandika mauzo ya leo kwenye kaunta buku kabla ya kufunga kibanda ni tabia. "Nitakuwa makini na hela" ni nia tu. Tofauti utaiona jioni: la kwanza unaweza kusema nimefanya au sijafanya, la pili huna cha kusema.

Kipimo changu ni hiki: je, unaweza kukifanya siku umechoka, mvua inanyesha, umeme umekatika na mtoto ana homa? Kama huwezi, kipunguze mpaka uweze. Nakiita kiwango cha siku mbaya, na nitakirejea sana humu, kwa sababu wengi niliowaona wakishindwa walipanga tabia zao siku nzuri, kwa ajili ya siku nzuri.

2. Kwa nini kidogo kidogo? Si bora nisubiri mavuno nifanye jambo kubwa mara moja?

Hela ya mavuno inafika ikiwa na wenyewe tayari. Kuna deni la mbolea, kuna mabati, kuna mchango wa harusi ulioahidi tangu Machi. Jambo kubwa linasogezwa mwaka ujao, na mwaka ujao linasogezwa tena.

Sote tunaijua haba na haba hujaza kibaba. Watu hukazana na haba wakakisahau kibaba. Chombo kilichotoboka hakijai hata ukikimwagia debe zima, na nimeshuhudia mtu akiuza gunia 40 za mahindi mwezi wa nane, kisha mwezi wa kwanza akaja kwenye kikundi kukopa ada. Hakuwa mlevi wala mvivu. Hakuwa na chombo tu. Kidogo cha kila siku ndicho kinachofinyanga chombo, ili kikubwa kikija kikute pa kukaa.

3. Ni kweli tabia inakaa baada ya siku 21?

Hapana, na imani hiyo imewakatisha wengi tamaa. Hesabu hiyo inarudi kwa daktari wa upasuaji wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua walau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Alikuwa akizungumzia watu waliofanyiwa upasuaji, na mengine yaliongezwa na watu njiani.

Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London walifuatilia watu 96, kila mmoja akiwa na tabia moja aliyoichagua mwenyewe, kama kunywa maji au kula tunda wakati wa chakula. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2010, ulipata wastani wa siku 66, lakini kati ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia 18 mpaka 254. Kunywa maji kulizoeleka upesi. Mazoezi ya mwili yalichukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukifika siku ya 30 na bado unajilazimisha, hujafeli. Uko njiani.

4. Nianze na tabia ngapi?

Moja. Ya pili ingoje mpaka ya kwanza iache kuhitaji kukumbushwa.

5. Naanza vizuri halafu nasahau. Nifanyeje?

Ifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya bila kufikiri: nikishafunga banda la kuku, naandika mayai ya leo, nikishavua gambuti, nanoa jembe. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameandika tangu miaka ya 1990 kuhusu nguvu ya mpango wa namna hii, wa "kikitokea hiki, nafanya kile", ukilinganisha na nia peke yake.

Kuna mama anachoma maandazi nje ya soko la Mwanjelwa. Karai la kwanza likishaiva, kabla hajatupia la pili, anachukua sarafu ya shilingi 500, anaipangusa kwa khanga kwa sababu imeshika mafuta, anaidondosha kwenye kopo la maziwa lililotobolewa mfuniko. Nilimuuliza kwa nini asingoje jioni akajua faida yake kwanza. Akanieleza kwamba jioni hela yote inakuwa imeshaitwa na watu. Sijawahi kupata jibu bora zaidi kuhusu wakati wa kuweka akiba.

## Fedha

6. Mimi ni mkulima, sina kipato cha kila siku. Nitawekaje kila siku?

Hili ndilo naloulizwa kuliko yote, na ndilo ambalo ushauri mwingi wa akiba haujibu, kwa kuwa ulitungwa kwa mtu wa mshahara. Kwetu msimu wa mvua ni mmoja: unaanza Novemba au Desemba, unaishia Aprili au Mei. Hela inaanza kuonekana Juni. Januari mpaka Machi ndiyo miezi ya kubana: ada, sare, palizi, mbolea ya kukuzia, na ghala limeshuka.

Basi geuza tabia. Baada ya mavuno, kazi yako ya kila siku si kuweka, ni kutochukua zaidi ya kipimo. Ukiuza, tenga kwanza vya msimu ujao, yaani mbegu, mbolea na ada ya Januari, uvipeleke mahali ambapo huwezi kuvifikia kwa miguu yako usiku. Kinachobaki kigawe kwa wiki. Kama umebakiwa na 1,040,000 na mavuno mengine yako wiki 52 mbele, hiyo ni 20,000 kwa wiki. Kila Jumatatu unajilipa 20,000, na kila jioni unaandika kilichotoka. Hela ya wiki ikiisha Ijumaa, Jumamosi unaishi na kilichomo ndani. Inauma mwezi wa tisa, lakini uchungu wa mwezi wa tisa ni mdogo kuliko wa mwezi wa pili.

Na chakula ni hivyo hivyo. Nyumba moja Mbalizi nilikuta magunia ya mahindi yamepangwa ukutani, kila moja limeandikwa kwa makapeni: OKTOBA, NOVEMBA, DESEMBA, mpaka MEI. Mtoto wa darasa la pili aliweza kuniambia wamefika gunia gani. Mlanguzi akija mwezi wa kumi na bei ya kuvutia, anakuta gunia lina jina. Ni vigumu sana kuuza Februari.

Wa mpunga Kyela na wa kahawa Mbozi watabadilisha miezi, hesabu ni ile ile. Anayeuza maziwa kila siku au kulipwa majani ya chai kila mwezi, kama wengi wa Rungwe na Mufindi, atumie jibu la swali la 7.

7. Shilingi 500 kwa siku itanifikisha wapi?

Siku 365 zinakupa 182,500. Ukipumzika Jumapili, ni kama 156,000. Ya 1,000 kila siku inafika 365,000. Linganisha mwenyewe na bei ya mfuko wa mbolea dukani kwenu, au ada ya mwanao, au bei ya mtamba wa nguruwe.

Si utajiri, na sitaki kumdanganya mtu. Lakini hiyo 182,500 ni hela ambayo mwaka jana hukuwa nayo, na inaweza kuwa ndiyo inayokuzuia kugonga mlango unaozungumziwa katika swali la 9.

8. Kibubu, simu au kikundi: kipi bora?

Kibubu ni kizuri cha kuanzia kwa sababu hakina makato na unasikia sarafu ikidondoka. Udhaifu wake unajulikana: mwenye nacho ndiye mwenye nyundo. Cha kwangu nilikivunja Februari, miezi miwili kabla ya lengo, na sababu haikuwa ya dharura.

Simu ni salama dhidi ya moto na mwizi, ila kutoa kuna makato. Usitoe kidogo kidogo. Na namba ya siri ibaki siri, hata kwa wakala unayemzoea.

Kikundi ndicho ninachokipenda, kwa sababu aibu njema inafanya kazi ambayo nia peke yake haiwezi. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu wa kaya tofauti. Halifunguki mpaka wote wawepo. Hisa zinahesabiwa kwa sauti mbele ya kila mtu na daftari la mwanachama linagongwa mhuri pale pale. Kabla ya kujiunga na kikundi chochote, ulizia vitu vitatu: katiba, usajili, na nani anashika funguo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi hivi visajiliwe, na usajili unapitia halmashauri. Kikundi ambacho mwenyekiti anakaa na hela nyumbani kwake, acha, hata kama ni shemeji yako.

Njia nzuri kwa wengi ni kuunganisha: kibubu kwa wiki, kikundi Jumamosi.

9. Nina mkopo wa kausha damu. Nianze akiba au nilipe kwanza?

Lipa kwanza. Kausha damu ni mkopo wa mtaani wa riba kubwa, unaorejeshwa kila siku. Tazama hesabu: umepewa 100,000, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 26. Umelipa 130,000 ndani ya mwezi mmoja. Hakuna kibubu wala kikundi kinachozaa kwa kasi hiyo, kwa hiyo kila shilingi inayolala kwenye kopo wakati deni hilo linakimbia ni hasara.

Tabia yako ndogo kwa sasa iwe kuandika rejesho la kila siku kwenye daftari lako mwenyewe na kumtaka anayepokea asaini. Wengi hawajui wamebakiza kiasi gani na wanategemea karatasi ya mkopeshaji. Muulize pia leseni yake, maana sheria niliyoitaja katika swali la 8 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe nayo. Lakini niseme jambo moja la akiba hata hapa: baki na 200 kwa siku. Si kwa ajili ya riba, ni ili siku mtoto akihitaji dawa usichukue mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Huo wa pili ndio unaoondoka na friji na godoro.

## Shamba

10. Ni tabia gani moja ya shambani ungeichagua?

Daftari. Kila siku mstari mmoja: nimefanya nini, nimetumia nini, mvua imenyesha au haikunyesha. Baada ya misimu miwili utakuwa na kitu ambacho hakuna bwana shamba anayeweza kukupa, yaani historia ya shamba lako mwenyewe: tarehe mvua ya kweli ilipoanza, siku uliyoona viwavijeshi, ni kipande gani huwa kinatuamisha maji.

Kwa mkulima wa viazi wa Umalila, Makete au Njombe ongeza mstari wa uzito. Andika kila gunia limebeba ndoo ngapi. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inakula faida kimya kimya, na anayeuza bila kuhesabu ndoo anaona bei ya gunia tu. Siku utakapoona kwenye maandishi yako mwenyewe kwamba umetoa ndoo mbili za ziada katika kila gunia, utazungumza tofauti na mnunuzi.

11. Nataka shamba la parachichi lakini sina hela ya vibarua.

Chimba shimo moja kwa siku. Nasema hili kwa uzito wote.

Ekari moja ina mita za mraba kama 4,047. Kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 unapata mashimo 82 hivi. Kuanzia tarehe 1 Agosti mpaka 31 Oktoba ni siku 92, kipindi ambacho mahindi yameshatoka na mvua haijafika. Shimo la sentimita 60 kila upande mtu mzima analimaliza asubuhi moja kabla jua halijawa kali. Hata ukipumzika Jumapili zote, mvua ya kwanza inakukuta umebakiza mashimo matatu au manne.

Zingatia jinsi unavyochimba. Udongo wa juu, ule mweusi, weka upande wa mlimani; wa chini, mwekundu, weka upande wa bondeni. Wakati wa kujaza, mweusi unachanganywa na samadi iliyooza na kurudi ndani kuzunguka mizizi. Samadi mbichi inaunguza. Na miche iliyobebeshwa isifukiwe mpaka pale ilipoungwa; kiungo kibaki juu ya udongo.

Mti uliobebeshwa unaanza kuonyesha matunda kwenye mwaka wa tatu hivi, kwa hiyo usiuze ng'ombe kwa kuutegemea mwakani. Katikati ya mistari endelea na maharage. Kwa wenye misindano na milingoti huko Mufindi njia ni hiyo hiyo, ila subira ni ya miaka mingi zaidi, na tabia yako ya kiangazi ni kusafisha barabara ya kuzuia moto hatua chache kila siku.

## Kujifunza na mwili

12. Niliishia darasa la saba. Bado naweza kusoma?

Unaweza, na mlango upo. Baraza la Mitihani lina Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT, kwa wasiopitia sekondari ya kawaida. Ukifaulu unaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kurasa tano kila usiku ni kurasa 1,825 kwa mwaka. Anza na somo unalolipenda, si lile unaloliogopa. Hofu haikai kwenye kiwango cha siku mbaya.

13. Kila mtu anasema amka saa kumi na moja alfajiri. Kwa baridi hii?

Si lazima. Mwezi wa saba mmoja nilijilazimisha kukimbia saa kumi na moja, ukungu umefunika Uyole yote, vidole havishiki kamba za viatu. Nilidumu siku sita. Baadaye nikahamisha: nashuka daladala kituo kimoja kabla ya kwangu jioni, natembea. Hiyo nimeishika mpaka leo. Makete na Njombe, ambako Juni na Julai barafu inakuta majani asubuhi, panga tabia za nje mchana na za ndani alfajiri. Saa haina utukufu wowote. Kinachohesabika ni kwamba inarudi kila siku.

## Nyumbani

14. Mwenzangu hakubaliani na haya. Nifiche kibubu?

Nimewaona waliofanya siri na waliofanya wazi, na siri ikigundulika huvunja zaidi ya kopo. Kama unaweza, mpe mwenzako kazi ndani yake: yeye ndiye mwenye kuandika, wewe ndiye mwenye kuweka. Mtu halipigi vita daftari lenye mwandiko wake.

Lakini kuna nyumba ambazo hela ikionekana inachukuliwa kwa nguvu. Huko usisikilize maneno ya kupendeza. Weka kwenye kikundi, kwa jina lako, na daftari lako libaki kwa mtu unayemwamini.

15. Watoto washiriki?

Ndiyo. Mpe kuku mmoja wa kwake na daftari lake.

## Pale mambo yanapokwenda kombo

16. Nimeruka siku tatu. Nianze upya kuhesabu?

Usianze upya, endelea. Utafiti wa swali la 3 uligundua kwamba kuruka mara moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Ninachoogopa ni kulipa fidia: aliyeruka siku tatu anataka kuweka 2,000 kwa mpigo, anashindwa, anaona aibu, anaacha kabisa. Weka 500 ya leo. Za juzi zimepita.

17. Tumepata msiba, kila kitu kimesimama.

Na kisimame. Hakuna tabia iliyo juu ya kumzika mtu wako. Siku za matanga acha vyote. Watu wakishaondoka na turubai likishakunjwa, rudi kwa nusu ya kiwango cha siku mbaya, hata kama ni mstari mmoja kwenye daftari: "leo tumeanua matanga." Kama akiba imetumika kwa jeneza na usafiri, hukufeli. Ilikuwa ya siku kama ile.

18. Hela yangu inaishia kwenye pombe, ulanzi na komoni. Tabia ndogo inaweza kunisaidia?

Kama ni mazoea ya kijiweni, ndiyo: badilisha njia ya kurudi nyumbani, na hela ya kikundi ilipwe kabla hujapita kilabuni. Ulanzi una msimu wake wa mvua, kwa hiyo kiangazi ni wakati mwepesi zaidi wa kuanza.

Lakini kama mikono inatetemeka asubuhi mpaka upate kikombe, huo ni ugonjwa, na daftari haliutibu. Usiache ghafla peke yako. Mnywaji wa muda mrefu akikata mara moja anaweza kuchanganyikiwa au kupata kifafa. Nenda kituo cha afya uwaambie ukweli wa kiasi unachokunywa. Nawasihi na familia: msimfungie ndani kwa nia njema.

19. Nimefanya mwaka mzima, sioni tofauti. Tatizo ni nini?

Fungua daftari kabla hujajibu. Mara nyingi tofauti ipo, ila imefichwa na mambo yaliyoizidi: bei ya mahindi ilishuka, mtoto alilazwa, mvua ilikatika Februari. Mwanachama wetu mmoja alilalamika hivi, tukakaa naye tukajumlisha. Hakuwa ameongeza kitu nyumbani, kweli, lakini mwaka ule hakuwa amekopa popote kulipa ada, na mwaka uliotangulia alikuwa amekopa sehemu mbili.

Kama hakuna hata hilo, basi tabia uliyoichagua haigusi pale unapovujia. Mtu anaweka 500 kila siku huku anauza lumbesa gunia 60 kwa msimu. Huyo ahamie swali la 10.

20. Naweza kuacha tabia iliyokwisha kazi yake?

Unaweza, na ni vizuri. Mashimo yakishajaa miche, huchimbi tena. Unahamia kumwagilia miche wakati wa kiangazi, ndoo moja moja. Nilimuuliza yule mama wa Mwanjelwa kama bado ana kopo lake. Siku hizi karai la kwanza likiiva anadondosha 1,000 badala ya 500, na kopo amebadilisha. Lile la zamani ndilo analowekea hamira.